AC ya gari imeandika 22 lakini unatokwa jasho? Soma hapa kabla hujaenda kujaza gesi

Upo Barabara ya Kilwa, jioni, foleni kuanzia Mtoni kwa Aziz Ally mpaka Rangi Tatu haisogei. Kioo cha dashibodi kinaonyesha 22, taa ya AUTO inawaka, feni inapuliza kwa nguvu zote, na bado shati limekuganda mgongoni. Ukishusha kioo, moshi wa daladala wote ni wako. Kesho yake unaenda kwa fundi, anaunganisha mtungi, anajaza gesi, unalipa. AC inapoa wiki mbili, halafu yale yale.

Kama hii stori unaijua, tatizo lako huenda sio gesi kabisa. Au ni gesi kweli, ila imejazwa kwa namna ambayo lazima urudi tena.

Magari mengi tunayoendesha Dar yametumika kwanza Japani: Harrier, Crown, Premio, X-Trail, Forester na wenzao. Mengi yanakuja na AC ya kujiendesha yenyewe, ile yenye kioo cha namba na kitufe cha AUTO. Ni tofauti na AC ya kuzungusha kwa mkono. Ya mkono unaiambia "puliza namba tatu, baridi mpaka mwisho", inafanya hivyo hivyo hadi umeme uishe. Ya AUTO unaiambia unataka gari iwe na joto gani, yenyewe ndiyo inaamua feni ikimbie vipi, hewa itokee usoni au miguuni, na ivute hewa ya nje au izungushe ya ndani. Ili iamue inahitaji kujua hali ilivyo, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Ile namba maana yake nini

Watu wengi wanadhani ukiweka 22, hewa inayotoka kwenye matundu ina nyuzi 22. Hapana. Namba hiyo ni joto la ndani ya gari unalolitaka mwisho wa safari ya ubaridi. Gari ikiwa imeshinda juani Mbagala siku nzima, ukiwasha, hewa inayotoka inatakiwa iwe baridi kuliko 22 kwa mbali sana, maana kazi yake ni kushusha joto la viti, dashibodi na vioo vilivyochemka.

Kwa hiyo kuweka 18 ili "ipoe fasta" mara nyingi hakukusaidii dakika za mwanzo. Kwenye gari iliyochemka, ukiweka 18 au 23 mfumo unakwenda nguvu zote vilevile. Tofauti utaiona baadaye, gari ikishapoa: kwenye 23 itapunguza feni, kwenye 18 itaendelea kukugandisha mpaka abiria wa nyuma aombe koti. Cha kufanya ni kufungua milango au vioo vyote dakika moja kwanza, joto lililojifungia litoke, ndipo ufunge na kuachia AUTO ifanye kazi.

Kuna kingine kinachowashangaza wengi. Ndani ya dashibodi kuna rejeta mbili ndogo. Moja ni evaporeta, inayopoza. Nyingine ni ya hita, inapita maji ya moto kutoka kwenye injini. Kwenye magari mengi ya AUTO hewa yote inapozwa kwanza, halafu kuna mlango mdogo wa plastiki unaoamua kiasi gani cha hiyo hewa kipitishwe kwenye hita kabla hakijakufikia. Ndiyo, hata Dar. Mlango huo unasukumwa na mota ndogo. Meno ya mota yakikatika, au mlango ukikwama upande wa joto, unaweza kuwa na gesi imejaa, kompresa nzima, kila kitu safi, na bado unapulizwa hewa ya vuguvugu. Dalili yake: sauti ya tik-tik-tik nyuma ya dashibodi ukibadilisha namba, au upande wa dereva baridi na wa abiria joto. Hapo hata ujaziwe mtungi mzima, hakuna kitakachobadilika.

Vitu vinavyoidanganya AC yako

AUTO inategemea sensa. Ikipewa taarifa ya uongo, inafanya uamuzi wa uongo, na inaufanya kwa kujiamini.

Ya kwanza ni sensa ya jua. Iko juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, kama kitufe cheusi cha plastiki. Kazi yake ni kujua jua linakuchoma kiasi gani ili iongeze ubaridi. Sasa angalia magari yetu: lile kapeti la manyoya la dashibodi limeifunika, au kuna tishu, kofia, stika ya bima na kitabu cha risiti juu yake. Sensa inaona giza, AC inadhani ni jioni ya Julai, inapunguza kasi. Toa kapeti, au likate tundu mahali pa sensa. Bure kabisa.

Ya pili ni sensa ya joto la ndani. Tafuta vitundu vidogo kama vya spika, kwa kawaida upande wa dereva karibu na usukani. Nyuma yake kuna sensa inayovuta hewa ya gari kidogo kidogo ili kuipima. Ukiishi Chamazi au mtaa wowote wa barabara ya vumbi, vitundu hivi vinaziba. Wengine wamebandika kishikio cha simu hapo hapo. Brashi laini au mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi unatosha, ila usipulize kwa kompresa ya gereji karibu karibu, utaing'oa.

Ya tatu ndiyo inayotesa zaidi: sensa ya joto la nje. Inakaa mbele, nyuma ya bampa, jirani na kondensa. Gari ikigongwa mbele, ikanyooshwa, ikapigwa rangi na bampa kurudishwa, mara nyingi hicho kidude kinabaki kinaning'inia au hakirudishwi kabisa. Sensa ikikatika, kompyuta ya AC inasoma baridi kali ya nje, na magari mengi yameundwa yasiwashe kompresa kukiwa na baridi kali. Matokeo yake AC haipoi, fundi anapima gesi anakuta ipo, kila mtu anakuna kichwa. Kama gari yako inaonyesha joto la nje kwenye kioo na inakuambia ni nyuzi chini ya sifuri ukiwa Tandika, jibu umeshalipata.

Ipo pia sensa ya kwenye evaporeta, inayozuia rejeta ile isigande barafu. Ikifa, dalili yake inaonekana safari ndefu: unatoka Dar vizuri, ukifika Chalinze upepo unaotoka umekuwa mdogo, ingawa feni unaisikia inakimbia. Ukizima kabisa dakika kumi na tano, ukawasha, upepo umerudi. Barafu iliziba, ikayeyuka.

Kabla ya sensa zote hizo, lakini, angalia filta ya hewa ya ndani. Kwenye magari mengi ya Japani ipo nyuma ya kidroo kilicho mbele ya abiria, unaifikia kwa mkono bila spana. Nimeona iliyotoka Japani haijawahi kubadilishwa, ina majani ya mwarobaini, manyoya ya kuku na dalili zote za panya. Ukiegesha chini ya mwembe kila siku, usishangae upepo ukiwa wa kupapasa.

Mtihani wa foleni

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na hakihitaji fundi. Jiulize: AC yangu inashindwa wakati gani?

Kama inapoa vizuri ukiwa unakimbia Barabara ya Bagamoyo kuelekea Bunju, lakini ukikwama kwenye foleni ya Mwenge inageuka joto, shuku feni ya kondensa. Kondensa ni ile rejeta ya mbele kabisa, inayotoa nje joto lililobebwa kutoka ndani ya gari. Ukikimbia upepo wa barabarani unaipoza. Ukisimama inategemea feni. Feni ikiwa imekufa, inazunguka kivivu, au kondensa imezibwa na tope na wadudu, joto halina pa kwenda. Presha inapanda, swichi ya usalama inakata kompresa, unaletewa hewa ya moto. Fungua boneti AC ikiwa imewashwa, uone kama feni zinazunguka. Weka mikono mbali, maana kwenye magari mengi zinajiwasha zenyewe bila kukupa taarifa. Kama hazizunguki, anzia kwenye fyuzi na rilei kabla hujanunua feni. Kondensa chafu inaoshwa kwa maji ya kawaida ya bomba. Mashine ya presha ya kwenye kosheni inakunja zile bati zake nyembamba na unaharibu zaidi.

Kama haipoi wakati wowote, sikiliza kompresa. Kwenye aina nyingi utasikia "tak" ikishika na injini inabadilika mlio kidogo. Isiposhika kabisa, inaweza kuwa gesi imeisha, umeme wa klachi, au ndiyo ile sensa ya nje. Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni kidogo.

Kama feni hairushi upepo kwa sekunde kadhaa baada ya kuwasha gari ya moto, usipaniki. Baadhi ya Toyota zimeundwa zisubiri evaporeta ianze kupoa ili zisikupulizie joto usoni. Na ukipanda Njombe mwezi wa sita, ukaweka 25 asubuhi na feni ikagoma, inasubiri maji ya injini yapate moto. Nzima hiyo.

Kingine: betri ikichomolewa, baadhi ya mifumo inasahau milango yake ya ndani ilikuwa wapi. AC ikianza vituko siku moja baada ya kubadilisha betri, mwambie fundi hivyo. Utakuwa umempunguzia nusu ya kazi.

Sasa tuje kwenye gesi

Hapa ndipo hela za watu zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Gesi ya AC haitumiki kama mafuta. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa, kondensa, valvu, evaporeta, inarudi. Baada ya miaka mingi hupungua kidogo kwa kupenya kwenye mipira na oringi, hilo ni kawaida. Lakini gari inayohitaji gesi kila baada ya miezi mitatu inavuja. Fundi anayekujazia bila kutafuta tundu anakukodishia ubaridi.

Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 yanatumia gesi ya R134a. Iliyokuwepo kabla, R12, iliondolewa kwa sababu inakula tabaka la ozoni, baada ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R134a haina shida hiyo, ila inapasha dunia joto: kilo moja ikiachiwa hewani inalingana na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, hapo jirani, zikakubaliana kuzipunguza gesi za kundi hilo, na magari mapya zaidi yanakuja na R1234yf. Usichanganye. Aina ya gesi na uzito wake vimeandikwa kwenye stika chini ya boneti. Piga picha stika hiyo leo, ikae kwenye simu.

Neno la muhimu hapo ni uzito. Gesi inatakiwa kupimwa kwa gramu kwenye mizani, na gari ndogo nyingi zinachukua kama nusu kilo tu. Fundi wengi wanakisia kwa geji, na geji gari ikiwa imezimwa haikuambii kiasi. Kwenye joto la nyuzi 30, R134a ndani ya mfumo inasoma karibu psi 97, iwe imejaa au imebaki nusu, ilimradi kuna gesi ya maji maji ndani. Ni kama mtungi wa gesi ya kupikia: presha haikuambii umebaki na kilo ngapi, unaupima kwa kuunyanyua. Injini ikiwa inaunguruma geji inasaidia zaidi, lakini inasoma pia joto la siku hiyo, hali ya feni na uchafu wa kondensa. Ikijazwa kupita kiasi nayo inapoza vibaya, na presha inayopanda inaichosha kompresa.

Kazi iliyofanywa vizuri ina hatua unazoweza kuziona ukiwa umekaa kwenye benchi la gereji. Gesi iliyobaki inanyonywa kwa mashine, haiachiwi hewani. Mahali panapovuja panatafutwa, kwa povu la sabuni, kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, au kwa kujaza naitrojeni na kuangalia kama geji inashuka. Oringi zinabadilishwa. Halafu pampu inanyonya hewa yote kwenye mfumo, nusu saa au zaidi, na geji inaachwa ionekane kama inashikilia. Ndipo gesi inaingizwa kwa mizani.

Hatua ya kunyonya hewa ndiyo inayorukwa sana, na kwa Dar ni kosa kubwa kuliko mji mkavu kama Dodoma. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu. Ukiingia ndani ya mfumo unachanganyika na oili na kutengeneza asidi inayokula vyuma taratibu, na unaweza kuganda kwenye valvu na kuziba njia. Fundi anayekuambia "hii hatunyonyi, tunatop-ap tu, bosi" anakuokolea nusu saa na kukuachia bili ya kompresa ya mwakani.

Tahadhari ya pili: gesi isiyojulikana. Mtungi usio na jina, au gesi inayowaka inayouzwa kama mbadala wa bei nafuu, usikubali. Evaporeta iko ndani ya dashibodi yako. Ikivuja, inavujia mlipokaa na watoto.

Na kama unaendesha haibridi, Prius au Aqua, simama hapo hapo kwanza. Kompresa yake inazungushwa na umeme mkubwa wa betri kuu, zile waya za rangi ya machungwa. Inatumia oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Kwa Toyota hizi inaitwa ND-11. Oili ya kawaida ya AC ikiingia, hata kidogo iliyobaki kwenye mipira ya mashine ya fundi, inaweza kuruhusu umeme uvuje na gari ikagoma. Muulize fundi anatumia oili gani kwenye haibridi. Akicheka, ondoka.

Gari yako inaweza kujieleza yenyewe

Toyota nyingi za AUTO za miaka ya 2000 zina kipimo cha siri. Gari ikiwa imezimwa, bonyeza na kushikilia AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kile chenye mchoro wa gari na mshale uliopinda. Ukiwa umevishikilia, washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake. Taa za AC zitapepesa mara kadhaa, kisha zitakuja namba. 00 ni salama. 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta. 21 ni ya jua, na hii fanya mchana juani, maana kivulini au usiku inaweza kutokea hata kama sensa ni nzima. 22 inahusu kompresa, 23 presha ya gesi, 31 ni ule mlango wa kuchanganya hewa. Kutoka, bonyeza OFF. Baadhi ya modeli zina namba za ziada na Nissan wana utaratibu wao, lakini ukienda kwa fundi umeshika karatasi iliyoandikwa "12", mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Maji na ukungu

Maji yanayodondoka chini ya gari upande wa abiria ni unyevu wa hewa uliogandishwa na evaporeta. Kwa Dar, AC ikifanya kazi robo saa bila tone hata moja, jiulize kama kweli inapoza. Maji yakiingia kwenye kapeti la abiria badala ya kudondoka nje, mpira wa kutolea umeziba. Unazibuliwa kwa dakika chache, ukiachwa gari inanuka kama soksi.

Msimu wa masika kioo kikipata ukungu, pitisha kidole. Kama uko ndani, washa AC na uelekeze hewa kiooni, ikiwezekana pandisha namba kidogo. AC inakausha hewa hata ikiwa ya vuguvugu. Kama uko nje, kioo kimepoa kuliko hewa ya mvua, kwa hiyo washa waipa na uondoe hewa baridi kiooni. Wengi wanafanya kinyume, wanazidisha baridi, na barabara inapotea mbele yao.

Usilale humo

La mwisho linahusu uhai. Madereva wanalala kwenye magari, AC imewashwa, vioo juu: teksi mtandao wakisubiri abiria, watu waliotoka sherehe, wengine ndani ya geti lililofungwa ili mbu wasiingie. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani hakiizuii, kwa sababu gari sio mtungi. Ekzosi yenye tundu chini ya sakafu, au gari iliyo ndani ya banda, inaweza kuijaza kabini ukiwa umelala, na unachokisikia mwanzoni ni kichwa kuuma na usingizi mzito ambao utadhani ni uchovu wa kawaida.

Mtoto naye usimwache ndani kwa kuwa "AC si iko AUTO". Injini ikizimika, AC inazimika nayo, na gari iliyofungwa juani inapanda joto ndani ya dakika chache huku wewe bado uko kwenye foleni ya wakala wa pesa.

Kama umechoka barabarani, egesha mahali pa wazi penye kivuli, zima injini, shusha vioo. Mbu tutajua namna ya kuwafanya.